Maziwa ya Mbuzi Yasiyonuka Mbuzi

Mkaribishe mtu wa mjini kwa kikombe cha maziwa ya mbuzi, uone: kabla ya kunywa atayanusa. Hukumu hutolewa hapo hapo, na rufaa haipo. Wengi walionjeshwa mara moja utotoni, kwa ajili ya kifua kilichogoma kupona au kwa amri ya bibi, wakabaki na kumbukumbu ya ukali wa zizini uliokaa kooni hadi jioni. Tangu siku hiyo wanaamini kwamba mbuzi ndivyo alivyo, na kwamba anayeyasifu maziwa yake ama hana pua ama anayauza.

Maziwa ya mbuzi mwenye afya, yanapotoka chuchuni, hayana harufu ya kutajwa. Yana utamu wa mbali, ni mepesi ulimini, na aliyefumbwa macho anaweza kuapa kwamba ni ya ng'ombe. Harufu huja baadaye. Huzaliwa ndani ya ndoo, ndani ya dumu, juu ya bodaboda, kwenye rafu ya friji, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya mikono ya watu. Wapo wachache ambao asubuhi na jioni huizuia isizaliwe, na wakifanikiwa hakuna anayejua kwamba wamefanya kitu. Mnywaji humaliza kikombe, hufuta midomo, huendelea na mazungumzo yake.

Ufundi huu nimeutazama zaidi Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Huko mashamba yamening'inia kwenye miteremko, kabichi juu ya karoti, karoti juu ya njegere, na asubuhi watu huvaa makoti wakati Morogoro mjini watu wanajipepea. Ng'ombe hana pa kusimama, sembuse pa kuchunga. Mbuzi wa maziwa waliingia miaka ya 1980, wa uzao wa Norwe, kwa ushirikiano wa nchi hiyo na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Baridi ya mlima haikuwashangaza. Hufugwa bandani, juu ya sakafu ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini na kuachiwa nafasi ili samadi idondoke chini, na huletewa majani hapo hapo walipo. Wengi hutoa lita moja hivi kwa siku, aliye mzuri hufika mbili. Mwenye ng'ombe wa lita 20 anaweza kuwa mzembe na bado akanywa chai ya maziwa. Mwenye mbuzi akiharibu ya asubuhi, amebakiwa na ya jioni tu.

Bibi mmoja wa upande wa Nyandira, huko huko Mgeta, aliniruhusu nimtazame akikamua. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Kaa pale kwenye gogo, usisimamesimame." Karibu mazungumzo yetu yote yaliishia hapo mpaka kazi ikakamilika. Nilidhani ni ukali wa wazee. Kumbe mbuzi akimwona mgeni anazunguka nyuma yake hushtuka, na mbuzi aliyeshtuka huyabana maziwa. Homoni inayoyashusha huzuiwa na ile ya hofu. Basi mgeni huketi, tena kimya.

Ili mtu aelewe kwa nini bibi yule anafanya anavyofanya, inabidi ayajue mafuta ya maziwa yenyewe. Mafuta hayo huelea yakiwa vitone vidogo mno, kila kimoja kimefungwa ndani ya utando mwembamba. Vya mbuzi ni vidogo kuliko vya ng'ombe. Kwa wastani wake, milimita moja ya mstari ingebeba karibu 300. Ndani yake mna asidi tatu za mafuta, kaproiki, kapriliki na kapriki, ambazo kwa pamoja hufika karibu asilimia 15 ya asidi zote za mafuta katika maziwa ya mbuzi, ilhali kwa ng'ombe ni kama asilimia 5. Zikiwa zimefungwa ndani ya mafuta, hazinuki. Zikifunguliwa, ndizo zile zile alizozikimbia mtoto mwenye kifua.

Anayezifungua ni kimeng'enya kiitwacho lipesi, ambacho mnyama hukitoa pamoja na maziwa yake. Hapa mbuzi ana bahati mbaya. Lipesi ya ng'ombe ni nyingi kuliko yake, lakini sehemu kubwa imeshikamana na protini, mbali na mafuta. Ya mbuzi ni haba, ila karibu nusu yake hukaa juu ya vitone vya mafuta vyenyewe. Mwizi amelala kizingitini mwa duka. Utando ukipasuka kidogo tu, yumo ndani.

Ukishalijua hilo, kila tendo la bibi linaeleweka. Tuanze na mkono. Kidole gumba na cha shahada hufunga chuchu juu kabisa, pale inapoungana na kiwele, maziwa yaliyomo yasirudi. Kisha cha kati, cha pete na cha mwisho hufuata kwa zamu, kila kimoja kikiminya kilichobakizwa na mwenzake. Mkono hauvuti. Anayevuta chuchu humuumiza mnyama, na baada ya wiki kadhaa atajikuta anakamua kiwele chenye kidonda ndani. Bibi akikamua, kiwiko hakisogei. Vidole tu ndivyo vinavyofanya kazi, na mbuzi anaendelea kutafuna pumba zake bila kugeuza shingo.

Halafu angalia mahali maziwa yanapotua. Wakamuaji wa ng'ombe niliowafahamu walijivunia povu: ndoo ikijaa povu hadi ukingoni, kijana alihesabiwa ana mkono wenye nguvu. Bibi yule hataki povu. Sufuria yake ameilaza kidogo, na mchirizi anauelekeza ubavuni mwa chombo, sio katikati, maziwa yateremke ukutani taratibu. Hata mlio ni tofauti. Kila kipovu ni hewa iliyogusana na vitone vya mafuta na kuuchanachana utando wake, na maziwa yana joto la mwili, joto ambalo lipesi hulipenda kuliko lolote. Kukamua kwa kishindo ndani ya ndoo ndefu ni kuanza kuharibu maziwa kabla hata mbuzi hajafunguliwa kamba.

Michirizi miwili ya mwanzo ya kila chuchu haiingii sufuriani. Huenda kwenye kikombe cheusi, bibi akainama kukitazama. Madonge au nyuzinyuzi ni dalili ya ugonjwa wa kiwele, na maziwa ya mbuzi huyo leo hayanywewi na mtu. Michirizi hiyo ndiyo iliyobeba bakteria waliolala mlangoni mwa chuchu tangu jana, kwa hiyo kuimwaga si hasara. Ugonjwa wa kiwele ukikolea, hata ulimi utautambua: chumvi ya damu hupenya kuingia kwenye maziwa, sukari yake hupungua, na kikombe kinakuwa cha munyu. Mtu anayelalamika kwamba maziwa yake "yana chumvichumvi" asihangaike na sabuni za vyombo, amtazame mbuzi.

Kuna mambo ambayo yameshaamuliwa kabla ya kukamua. La kwanza ni beberu. Beberu anapotaka majike hujikojolea ndevu na miguu ya mbele, na harufu ya kichwa chake ina kazi yake mahususi. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walitangaza kwamba walikuta kwenye nywele za kichwa cha beberu kemikali iitwayo 4-etiloktanali, inayoamsha sehemu ya ubongo wa jike inayoongoza uzazi. Ikikutana na hewa hugeuka kuwa asidi ambayo kila aliyepita karibu na mnada wa mbuzi anaijua. Kwa jike hayo ni manukato. Kwa mafuta ya maziwa ni balaa, maana mafuta hunyonya harufu upesi, na kiasi kidogo sana kinatosha. Ulaya beberu hunuka zaidi majira ya kupandana, vuli ikiingia. Kwetu, karibu na ikweta, mbuzi hupandana mwaka mzima, hivyo beberu hukaa mbali mwaka mzima, upande ambao upepo hautoki kwake kuja kwenye sufuria, na aliyemlisha beberu hakamui kabla ya kunawa na kubadili nguo.

La pili ni chakula, na kwa Mgeta hili lina uzito wake. Siku ya soko majani ya nje ya kabichi hubaki marundo kwa marundo, na mbuzi huyapenda. Ni chakula cha bure ambacho hakuna mfugaji mwenye akili atakayekitupa. Lakini harufu ya kabichi, kama ilivyo ya vitunguu, ina njia mbili za kufika kwenye maziwa: kupitia tumboni hadi kwenye damu, na kupitia pumzi. Mbuzi akivuta hewa ya vitunguu, harufu huingia mapafuni, kwenye damu, na muda si mrefu iko kiweleni, hata kama hajameza kitu. Dawa ni saa tu. Kabichi hutolewa baada ya kukamua asubuhi, sio kabla. Hadi jioni mwili umeshaisafisha. Wakati wa kukamua hupewa pumba na mashudu, vitu visivyo na la kusema. Baada ya kukamuliwa huwekewa majani mengine tena, na hilo lina hila yake nzuri: tundu la chuchu hubaki wazi kwa muda baada ya kukamuliwa, na mbuzi anayekula husimama, halali kwenye uchafu kabla tundu halijajifunga.

Na mbuzi aliyezaa juzi? Huyo ana dang'a, na dang'a ni ya mwanambuzi. Siku nne tano za mwanzo bibi hamgusi kwa ajili ya chai.

Maziwa yakishachujwa kwa kitambaa cheupe cha pamba, huanza sehemu ambayo naiona ndiyo roho ya kazi yote, na ndiyo ambayo wengi wetu tunaikosea tukiwa na vifaa bora kuliko vya bibi. Maziwa yanatoka yakiwa na joto la mwili wa mbuzi. Kila dakika yanapobaki hivyo, lipesi inafanya kazi na bakteria wanazaana. Mtu wa mjini hufunga dumu la lita tatu, hulisukuma ndani ya friji na kuona amemaliza. Hajamaliza. Hewa ya friji ni baridi lakini ni mvivu wa kuchukua joto. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Katikati ya dumu lile patabaki vuguvugu kwa saa kadhaa, na vyakula jirani vitapashwa moto bila kuombwa.

Bibi huweka sufuria ya maziwa ndani ya beseni la maji ya bomba, na maji ya bomba pale yanateremka kutoka chemchemi za mlimani. Huyakoroga maziwa kwa mwiko, polepole, bila kuupiga uso, ili yaliyo katikati yapate zamu ya kugusana na ukuta wa sufuria. Maji ya beseni yakipata vuguvugu huyamwaga migombani, hutia mengine. Kwa njia hiyo joto la mwili huondoka haraka. Baridi iliyobaki, ile ya kushuka chini ya nyuzi 4, ni kazi ya friji au barafu. Dar es Salaam au Mombasa, ambako maji ya bomba yenyewe ni ya moto, wajuzi hugandisha chupa za maji kwenye friza, wakaziweka ndani ya beseni kuizunguka sufuria. Ni jambo dogo, halina gharama, na tofauti yake utaionja siku ya tatu.

Hapo inakuja kanuni ambayo bibi haivunji hata kama nyumba ina wageni: maziwa ya jioni hayamwagwi juu ya ya asubuhi mpaka yamepoa sawasawa nayo. Kuna sababu ya kikemia. Maziwa yaliyopozwa, yakapashwa hadi vuguvugu, yakapozwa tena, huamsha lipesi kuliko yale yaliyobaki baridi moja kwa moja. Mabadiliko hayo hulegeza utando wa vitone. Kumimina moto juu ya baridi ndiko kufanya hivyo hasa. Familia nyingi hupata maziwa makali kwa njia hii na kumlaumu mbuzi. Ndoo moja, friji moja, kila mkamuo ukiongezwa juu ya mwenzake, na siku ya pili mtoto anakunja uso.

Adui mwingine ni safari. Barabara za Mgeta si za kuimbiwa, na maziwa yakishapanda bodaboda hutikiswa hadi Morogoro. Wanaojua hawapakii maziwa ya moto. Huyapoza kwanza, na dumu hulijaza hadi shingoni, pasibaki nafasi ya hewa, kwani chombo kilichojaa hakichapi maziwa kama kilichojaa nusu. Kumpa dereva lita tatu ndani ya dumu la lita tano ni kumlipa akupigie siagi.

Sasa nije kwenye moto, maana wapo wanaoamini kwamba kuyachemsha ni kuyaharibu, na kwamba maziwa mabichi ndiyo maziwa. Kisiwa cha Malta, katika bahari ya Mediterania, kilikuwa na maziwa ya mbuzi freshi kuliko utakayopata popote. Wachungaji walipita na mbuzi mitaani, wakakamua mlangoni kwa mnunuzi. Na Malta ilikuwa na homa iliyowalaza watu kwa wiki na miezi, wanajeshi wa Uingereza wakiwemo. Mwaka 1887 daktari wa jeshi hilo, David Bruce, alimgundua mdudu wake, lakini njia aliyopita kufika kwa watu haikujulikana mpaka mwaka 1905, Themistocles Zammit, daktari Mmalta, alipokuta kwamba mbuzi wenyewe, wazima wa afya kwa kuwatazama, ndio wanaombeba. Mwaka uliofuata askari walikatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ikaporomoka. Ndiyo hiyo brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, ambao bado upo katika mifugo yetu. Maziwa yanaweza kuwa matamu, safi, ya dakika hii, na yakawa nayo.

Kwa hiyo moto ni lazima, lakini una adabu yake. Nyuzi 63 kwa dakika 30 zinatosha, sufuria ya maziwa ikiwa ndani ya sufuria kubwa ya maji, kipimajoto mkononi. Au nyuzi 72 kwa sekunde 15 kwa mwenye mtambo. Ukiyaacha yachemke hadi yapande na kumwagika jikoni, utapata ile ladha ya maziwa yaliyopikwa, inayotoka kwenye protini zenye salfa. Si mbaya kwenye chai ya tangawizi. Sisi tumekulia humo, na sitamsema mtu. Lakini anayetaka kikombe cha maziwa matupu atauona umuhimu wa kipimajoto. Asiye nacho ayachemshe. Ladha ya kupikwa haijawahi kumlaza mtu.

Jambo ambalo sikulitarajia nilipoanza kuufuatilia ufundi huu ni kwamba moto huo huo hutunza ladha. Joto la nyuzi 72 huidhoofisha sana lipesi ya mbuzi. Mwizi wetu hana nguvu tena. Ila lazima uwahi. Maziwa mabichi yakikaa siku nyingi kwenye friji, bakteria wanaostahimili baridi huzaana na kutoa lipesi yao wenyewe, na hiyo haifi kwa moto wa kawaida. Na asidi zilizokwisha kufunguliwa hazirudi ndani ya mafuta, hata uchemshe mpaka kesho. Fundi huyapasha maziwa siku ile ile, yangali na joto lake la kukamuliwa ikiwezekana, kisha huyapoza mara moja.

Vyombo vingehitaji makala yao. Nilimwona bibi akifanya kitu ambacho hakuna kitabu kilichonifundisha: kabla ya kukamua alinusa sufuria tupu. Kichwa kizima karibu kiliingia ndani. Maziwa yenyewe hakuyanusa hata mara moja. Nilipomuuliza alisema tu kwamba chombo kikinuka leo, maziwa yatanuka kesho. Mafuta hujificha kwenye mikwaruzo ya plastiki, na ndiyo sababu dumu lililokuwa zuri mwaka jana halifai mwaka huu hata ulisugue vipi. Sufuria ya stenlesi au chupa ya kioo ndiyo mwafaka. Kikombe cha bati chenye maua, kikishabanduka na chuma kikaonekana, kistaafu na kuwekewa penseli. Chuma chenye kutu na shaba huharakisha mafuta kuungana na oksijeni, na maziwa hupata ladha ya karatasi iliyoloa. Jua nalo hufanya vivyo hivyo. Chupa ya kioo ikae gizani. Nusu saa dirishani yatosha kuyabadilisha.

Kuosha kwenyewe kuna mpangilio ambao ukiupindua umejitafutia kazi. Kwanza maji ya baridi au vuguvugu, ya kuondoa maziwa. Ukianza na maji ya moto, protini hugandamana na chombo, na baada ya siku chache kuna ngozi usiyoiona ambamo bakteria wanaishi vizuri kuliko wewe. Kisha maji ya moto, sabuni na brashi. Kisha suuza. Mara kwa mara ndimu au siki, kuondoa ule ukoko mweupe wa madini unaojijenga. Mwisho maji yaliyochemka, na chombo kifudikizwe juu ya kichanja, juani, bila kufutwa na kitambaa chochote, maana vitambaa vya jikoni vina siri nyingi. Kitambaa cha kuchujia huchemshwa kila baada ya kazi. Jua lile lile linaloharibu maziwa ndani ya chupa hukisafisha kitambaa na sufuria tupu.

Siwezi kuuacha upande mwingine wa ufundi huu, wa watu ambao hawakuwa na chemchemi baridi. Wamaasai hufukiza vibuyu vyao kwa kijinga cha mzeituni mwitu, na Wakalenjin husafisha vya kwao kwa makaa ya mti waitao senetwet, wakatia maziwa yanayogeuka kuwa mursik. Kijinga huzungushwa ndani ya kibuyu. Moshi hukausha kuta, huzuia baadhi ya bakteria, na huacha harufu yake. Wao hawakujaribu kuyafanya maziwa yasiwe na harufu. Waliyachagulia harufu. Anayekunywa mursik anaonja mti kabla ya kuonja mnyama, na ladha hiyo ni ya kukusudiwa tangu mwanzo hadi mwisho. Naikubali, ingawa ni ufundi tofauti: bibi wa Mgeta anailinda ladha ya mwanzo, wao wanajenga nyingine.

Baada ya yote hayo, kuna siku mtu hufanya kila kitu sawasawa na maziwa yakawa makali. Hapo ndipo inabidi kukiri kwamba mikono haiwezi yote. Wanorwe, waliotupa mbuzi hawa, walihangaika miaka mingi na maziwa ya mbuzi wao yaliyokuwa yakipata ukali, hasa majira ya malisho ya milimani. Watafiti wao walikuta kwamba mbuzi wa Norwe wengi mno, kuliko uzao mwingine unaofahamika, walibeba kasoro katika jeni inayotengeneza protini ya maziwa iitwayo alfa-s1-kaseini. Mbuzi mwenye kasoro hiyo kutoka kwa baba na mama hutoa maziwa yenye kaseini haba, yanayoganda kwa shida, na yenye asidi huru nyingi zaidi. Si uchafu, si beberu, si ndoo. Wanorwe walianza kuwachagua mabeberu kwa kupima jeni hizo, na kizazi baada ya kizazi kasoro ikapungua.

Bibi hana maabara. Ana vikombe. Kila mbuzi wake hukamuliwa siku moja kwenye kikombe chake, chenye alama ya uzi, vikapozwa pamoja na kuwekwa kwenye friji ya jirani. Siku ya tatu yeye na wajukuu huonja kimoja kimoja bila kuambiwa ni cha nani. Yupo jike mmoja mweupe mwenye baka jeusi shavuni, anayetoa maziwa mengi kuliko wenzake wote, na kikombe chake ndicho kinachowakunjisha wajukuu nyuso kila mara. Hajauzwa. Maziwa yake hugandishwa mtindi, ambamo uchachu huuficha ukali, au huishia kwenye chai. Ila dume analozaa huenda kwa mchinjaji, hata awe mrefu na mwenye mgongo ulionyooka kiasi gani, na mwaka niliomtembelea majirani walikuwa bado wanamlaumu bibi kwa kumkataa beberu mzuri vile.